Stika Niliyokuwa Naifuta Vumbi

Siku gari letu lilipoingia Nzuguni, hapa Dodoma, kutoka bandarini lilikuwa limebandikwa stika za Kijapani kila mahali, na mimi, mtu mzima mwenye cheti cha kidato cha nne, nilisimama getini nikatangaza kwamba atakayebandua hata moja tutakosana.

Stika ya Kijapani huku kwetu ni hati. Ukiwa nayo, hakuna jirani wa kukuambia kwamba gari lako lilishazeekea Dar, likapakwa rangi na kuletewa wewe mtu wa bara usiyejua kitu. Jirani anainama dirishani, anayaona yale maandishi yaliyokaa kama vijiti vya kuni vilivyomwagika, anajiinua taratibu na kusema, "Hii haijaguswa." Hilo tu. Kwa neno hilo nilikuwa radhi kukaa na takataka za watu wa Japani miaka yote.

Stika kubwa kuliko zote ilikuwa ya manjano, mbele ya kiti cha abiria, kwenye kifuniko cha droo ya dashibodi. Ilikuwa na mstari mwekundu na mchoro wa mtu aliyekaa. Niliutazama ule mchoro nikaamua, bila kuulizwa na mtu, kwamba watengenezaji wanakisifia kiti chao. Kila Jumamosi niliifuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, nikianzia katikati kwenda pembeni, ncha zake zisije zikainuka. Vyombo vya harusi yangu sijawahi kuvifuta hivyo.

Naomba nieleweke: mimi si mtu wa magari. Ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu, na safari yangu ndefu kwa siku ni kutoka kitandani hadi kwenye cherehani kwa kupitia jikoni. Mke wangu, karani wa ofisi moja ya serikali, huwaambia wenzake kwamba alipohamishiwa Dodoma alikuta kila kitu kinahamishika isipokuwa mumewe. Gari tulilinunua kwa ajili ya mama yangu.

Mama anaishi Mlali, kule Kongwa, na macho yake yalikuwa yanakwenda. Jicho moja lilishakwenda kabisa, na daktari wa kliniki ya macho mjini alisema la pili linaweza kuokolewa, ila dawa na vipimo visikose hata mwezi mmoja. Kwa basi alikuwa anakosa. Mara basi limejaa, mara vumbi limemchoma, mara kafika na foleni imefungwa. Jicho la kwanza lilipotea hivyo hivyo, mwezi huu na ule. Kwa hiyo gari, tena kubwa, la viti saba, la kupanda kilima na kuvuka korongo. La familia, kama alivyosema yule muuzaji wa yadi, akilipapasa boneti kama anapapasa ng'ombe wa mahari.

Mama alipoliona mara ya kwanza hakusema asante. Alilizunguka, akashika mlango wa mbele, akasema, "Mimi hapa." Maisha yake yote alikuwa amesafiri nyuma: nyuma ya pikapu, juu ya magunia ya mahindi, kati ya mbuzi waliofungwa miguu. Kiti cha mbele ni cha mkubwa, na mkubwa alikuwa amefika. Kwa kuwa alikuwa haoni vizuri, hakuegemea. Alikaa ukingoni mwa kiti, kifua mbele, uso karibu uguse dashibodi, akiisaka barabara.

Nilipowasha, sauti ya mwanamke ikatoka kwenye spika ikasema kitu kirefu cha Kijapani, kwa adabu sana.

"Marahaba, mwanangu," Mama akajibu. Kisha akanigeukia. "Huyu kalelewa."

Tangu siku hiyo alimwitikia kila safari.

Sasa nieleze nilivyoanza kulichukia gari hilo. Redio haikushika stesheni hata moja ya kwetu, kwa sababu masafa yake yanaishia pale yetu yanapoanzia. Ilikuwa inakoroma tu. Kioo cha nyuma kilishuka siku ya kwanza hakikupanda tena hadi kilipovutwa kwa mikono miwili, kama ndoo kisimani. Giaboksi ilikuwa inafikiri. Unakanyaga mafuta, inatulia, inatafakari, halafu inakurusha mbele kama umepigwa teke. Kwenye kilima chochote injini ilichemka, na nikajifunza kusafiri na madumu ya maji kama mchunga ng'ombe wa kiangazi. Kila nilipolipeleka gereji lilirudi na ugonjwa mmoja umepona na miwili imezaliwa. Ndani lilikuwa na harufu ya unyevunyevu, kama blanketi lililokojolewa likakunjwa, na kila nikifungua mlango nilianza kwa kuziba pua.

Mke wangu akasema, "Si ulisema haijaguswa?"

"Haijaguswa."

"Basi ndiyo maana. Iliachwa."

Na kulikuwa na ile taa. Taa nyekundu kwenye dashibodi, kijimtu kimekaa na mpira mbele ya kifua, iliwaka tangu siku ya kwanza haikuzima. Nikampelekea fundi wangu wa gari, kule Chang'ombe yetu ya Dodoma, mtu wa makamo mwenye kipaji cha kukuita bosi kwa namna ambayo unajiona umefilisika.

"Bosi, hiyo ni taa ya mfuko wa hewa," akasema. "Ukigonga, mfuko unafumuka hapa mbele, unakupokea usijigonge. Sasa taa ikiwaka maana yake haufanyi kazi. Mama yako anakaa mbele bure."

Maneno hayo yakanichoma. Mama anakaa mbele bure! Nikamwambia atengeneze upesi.

Akajilaza chini ya dashibodi, miguu nje. Hazikupita dakika kumi akaniita. "Njoo uone maajabu. Soketi inaning'inia! Wajapani nao binadamu, wamesahau kuchomeka."

Nikachungulia. Na hapa ndipo ninapojichukia kuliko ninavyolichukia gari. Ile soketi haikuwa inaning'inia kwa kusahauliwa. Ilikuwa imeviringishwa utepe mweusi, mzunguko juu ya mzunguko, ncha imekatwa kwa mkasi na kulazwa vizuri. Mimi nafunga nyuzi kwa kazi. Naujua mkono wa mtu aliyefunga kitu ili kisifunguke. Niliuona ule utepe nikajua, kwa sekunde moja, kwamba aliyefanya hivi hakusahau kitu. Halafu nikamwachia fundi aongoze, kwa kuwa yeye ndiye mwenye ovaroli.

Akaubandua utepe kwa meno. Akachomeka. Ka! Taa ikazima.

Nilipiga makofi. Naapa, nilipiga makofi.

"Wao wana mashine," fundi akasema akijifuta mikono, "sisi tuna akili."

Nilirudi nyumbani na furaha ya kijinga, nikakaa kwenye cherehani nikashona kitambaa cha kufunika ile dashibodi, upande wa abiria, cheupe, chenye maua pembeni. Katikati nikatarizi *Karibu Mama*. Nilikipima vizuri kisifunike stika.

Mama akakaa nyuma ya kitambaa hicho safari baada ya safari. Kifua mbele, uso karibu na yale maua.

Siku tulipojua, tulikuwa tunamrudisha Mlali kutoka kliniki. Mke wangu alikuwa kazini. Tulikuwa mimi, Mama, na binti yangu wa kidato cha nne nyuma. Tulikuwa tumeacha lami kuu pale Mbande na kuipita Kongwa mjini, mshale wa joto ukapanda, nikasimama pembeni ya shamba la alizeti, nikafungua boneti. Mvuke. Kama kawaida. Nikachukua dumu.

Binti yangu alishuka akaenda kusimama kwenye mlango wa mbele, ameufungua, anapiga soga na bibi yake. Wale wawili wakikutana wanataniana hadi mtu unaona haya.

"Mke mwenzangu," Mama anamwambia, "hiyo simu yako ndiyo umeolewa nayo?"

"Hii inanitunza, bibi. Kuliko huyo babu uliyeniachia."

"Haya, iulize kama leo tutafika."

Simu ya binti yangu ina kitu cha kusoma maandishi ya kigeni: unaielekeza, inakugeuzia kwa Kiswahili, Kiswahili cha ajabuajabu lakini kinaeleweka. Kwa kuchoka tu akaielekeza kwenye stika.

"Baba, njoo."

"Namwagia rejeta."

"Baba. Achana na rejeta."

Nikaja na dumu mkononi. Akanisomea, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Onyo. Usikae katika kiti hiki. Mfuko wa hewa wa kiti hiki umezimwa. Ukifumuka unaweza kupasuka na kutupa vipande vya chuma. Gari hili linaitwa kurudi. Usiondoe stika mpaka sehemu mpya iwekwe."

Tukatazamana.

"Umezimwa," akasema. "Si ndiyo ile soketi mliyoichomeka?"

Maji yalikuwa yananimwagikia kwenye viatu. Kiwanda kilikuwa kimeyaita magari yake yarudi kutengenezwa. Mtu fulani mwenye akili timamu, huko mbali, alilala chini ya dashibodi ile, akalifunga lile balaa kwa utepe, akaandika kwa herufi kubwa kwenye stika ya manjano asikae mtu. Na sisi tulilipokea kwa makofi, tukalifungua kwa meno, nikalivalisha nguo yenye maua, nikamkaribisha mama yangu mbele yake kwa maandishi.

"Kinasemaje hicho?" Mama akauliza.

"Kinasema usikae hapo, bibi."

"Nani kasema?"

"Wajapani."

"Wajapani wananijua mimi?"

Nikamwambia, kwa upole nilioweza, "Mama, shuka, uhamie nyuma. Hapo mbele yako kuna kitu kinaweza kupasuka."

"Kimeanza leo?"

"Hapana."

"Nimekaa hapa safari ngapi?"

Nikaliweka dumu chini.

"Kwa hiyo siku zote hizo ulikuwa unanipeleka kliniki au kaburini?"

Binti yangu akageuka upande wa alizeti. Nadhani alikuwa anacheka na kulia pamoja.

"Nisamehe, Mama. Njoo nyuma."

"Siji." Akaikamata kanga yake kama mtu anayekamata mlango. "Kutoka hapa hadi kwangu ni pua na mdomo. Wanione nashuka nyuma na mbele hakuna mtu? Watasema nini? Kwamba mwanangu kiti kitupu kakipa heshima, mimi kanipanga na mizigo. Bora nitembee."

Nikampigia fundi wangu.

"Ile soketi uliyochomeka," nikasema.

"Bosi, si taa ilizima?"

"Ilizima."

"Basi kazi nilifanya."

"Haikutakiwa kuchomekwa! Niichomoe vipi?"

"Ah, usiguse, usiguse! Mpaka utoe betri kwanza, usubiri. Una spana?"

Nilikuwa na madumu matatu ya maji na uzi wa akiba. Spana sikuwa nayo.

Kwa hiyo niliendesha. Nilikisukuma kile kiti nyuma hadi mwisho, na tukaenda mwendo ambao baiskeli yenye magunia ya mkaa ilitupita, mwenye nayo akatupungia kwa huruma. Kila shimo niliona linakuja kumuua mama yangu. "Egemea, Mama." "Nikiegemea sioni." "Huhitaji kuona, naona mimi." Akacheka kwa dharau. "Wewe? Stika ya manjano hukuiona." Uso wake ulibaki palepale, juu ya *Karibu Mama*, na mimi nikawa nadondosha jasho kwenye usukani. Tulifika. Alishuka mbele, mbele ya watu wake, akanyoosha kanga, akaingia ndani bila kuniaga.

Kesho yake fundi alichomoa soketi. Hakuomba radhi, alisema kumbe Wajapani ni watu wa makini. Taa nyekundu ikarudi. Nikaenda nyumbani nikabandua kile kitambaa na kukitupa chooni, nikiwa na kinyaa nacho kama kimefungiwa maiti.

Nikampigia muuzaji wa yadi. Nikamweleza yote, nimekasirika, nimejipanga maneno. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee," akasema, "stika si ulikuwa unaiona?"

Sijawahi kumchukia mtu kwa kusema kweli kama nilivyomchukia yule.

Wakala wa kiwanda, kule Dar, walikuwa na adabu zaidi. Wakachukua namba ya chasisi, wakasema naam, gari hilo limo kwenye yale yaliyoitwa, kubadilisha ni bure kabisa. Nitaletewa kifaa? Kimeagizwa. Kitafika lini? Kikifika watapiga simu. Na hata kama soketi imechomolewa, mtu asikae hapo, kwa sababu ukigonga hakuna cha kumpokea. Nikauliza niwape nini ili kiwahi. Wakasema nisubiri. Kusubiri nyumbani ni kazi ninayoijua kuliko zote, na kwa mara ya kwanza maishani iliniudhi.

Maana siku ya kliniki ilikuwa inakaribia, na ujumbe kutoka Mlali ulikuwa umefika kwa simu ya jirani yake: Mama atakuja mbele, au atakuja kwa basi. Sote tulijua basi maana yake nini. Jicho lililobaki lilikuwa linategemea kama mama yangu atakubali kukaa futi tatu nyuma ya pale alipozoea.

Mke wangu alijaribu kumbembeleza. Binti yangu alijaribu kumtania. Mimi nilikaa barazani nikilitazama lile gari limesimama kwenye vumbi na stika zake zote, limenuna, na nikawaza alichosema Mama pale kwenye alizeti. Kwa mara ya kwanza nilimsikiliza kweli. Hakusema anaogopa nyuma. Alisema kiti kitupu.

Nikaenda kwa jirani kuazima spana.

Boliti zilikuwa nne na kutu. Nilihangaika asubuhi nzima, mimi ambaye kifaa changu kizito ni pasi ya mkaa. Vidole vilichubuka, nikatukana kwa Kiswahili na kwa Kigogo. Mke wangu alikuja kusimama mlangoni na chai yake ya Jumapili.

"Unafanya nini?"

"Nang'oa kiti."

Akanywa. Akatazama. "Hatimaye," akasema, "umeigusa."

Tulipofika Mlali, Mama alikuwa ameshajifunga kanga na mkoba uko kwapani. Hakunisalimia. Alienda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele, akaufungua, akanyoosha mkono kushika kiti, mkono ukashika hewa. Akapapasa chini. Zulia na matundu manne.

"Kiti kiko wapi?"

"Nimeking'oa, Mama."

"Sasa hapa atakaa nani?"

"Hakuna."

"Mke wako?"

"Nyuma."

"Akija mkubwa wa serikali?"

"Atakaa nyuma na wewe. Ukimsogezea."

Akasimama. Jirani yake mmoja alikuwa ukutani, na mwingine alikuwa amejifanya anafagia. Mama aliwatazama wote wawili, akaufunga ule mlango kwa kishindo cha mwenye gari, akafungua wa nyuma, akapanda. Akanyoosha miguu yote miwili mbele, kuelekea kule droo iliko.

"Mlikuwa mnaninyima nafasi hii muda wote," akasema.

Nikawasha. Yule mwanamke wa Japani akasema maneno yake.

"Marahaba."

"Bibi," binti yangu akasema, "nimeipa simu imsikilize. Hakusalimii. Anasema kuna kadi haijawekwa."

"Kadi gani?"

"Ya kulipia barabara za kwao."

Mama akauweka mkoba mapajani. "Basi muda wote ananidai, na mimi namwitikia. Mbona huyu naye hamkumsikiliza mapema?"

Tuliondoka. Pale mahali pa kiti pamebaki shimo kama jino lililong'olewa, vumbi linacheza ndani yake, na ile stika ya manjano inatazama zulia. Simu ya wakala haijaja hadi leo. Askari wa barabarani akitusimamisha huuliza, binti yangu humsomea stika, na askari huchungulia, hukunja uso, huturuhusu. Siku ile injini ilichemka palepale kwenye alizeti, nikashuka na dumu, na niliporudi kuketi nilimkuta Mama amejiinua kidogo, anaangalia juu ya bega langu, jicho lake moja limekazwa.

"Ile taa nyekundu pale ni ya nini?" akauliza.

Safari zote alizokaa mbele hakuwahi kuniuliza habari ya taa yoyote. Alikuwa haioni.

"Iache, Mama," nikasema. "Ndiyo kitu pekee kizima kwenye gari hili."